Kununua na kuuza vitu vya kale hapa Dodoma: kitu kisicho na habari zake ni kuni

Mwanatembe (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu,

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu ya simu niliyopigiwa juzi. Kijana mmoja yuko upande wa Bahi, anasema ana vigoda saba vya mababu, kinu kimoja na zeze mbili, niende na pikapu nikabebe vyote kwa laki moja. Nikamuuliza, mababu wa nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bosi, wewe si unataka vya zamani? Hivi ni vya zamani." Sikwenda. Ila najua kufika jioni kuna mwenzangu alikuwa ameshakwenda.

Mimi nanunua na kuuza vitu vya kale tangu 2013. Nilianza na samani kuukuu pale Majengo: makabati ya mninga, vitanda vya chuma, saa za ukutani, masanduku ya bati waliyoacha wafanyakazi wa reli. Taratibu nikaingia kwenye vigoda, vibuyu, zeze, marimba, ushanga na sarafu. Stoo yangu iko Makole. Sina mtaji mkubwa, lakini biashara hii imenisomeshea watoto, kwa hiyo ninapoisema vibaya naisema kama mtu anayekula kwayo.

Serikali ilipohamia huku, soko lilibadilika. Watu wamejenga Iyumbu, Ilazo, Kisasa, sebule ni kubwa na kila mtu anataka kitu kimoja cha asili cha kuweka pembeni ya runinga. Wenye hoteli wanataka vigoda kumi kumi. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika hapa 2024, mteja wa Dar anakuja asubuhi, anachagua, jioni yuko kwake. Bei ya mjini imepanda mara tatu au nne ya ile niliyoanza nayo. Bei anayolipwa bibi kule kijijini haijasogea. Elfu kumi na tano, elfu ishirini, ni zilezile za miaka kumi iliyopita.

Sasa nieleze kilichonibadilisha.

Mwaka 2016 kijana mmoja kutoka kijiji cha wilaya ya Chamwino aliniletea kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja, kizito, kimeng'aa katikati kama jiwe la mtoni. Nikampa elfu thelathini na tano, akafurahi, nami nikafurahi zaidi kwa sababu mwenye nyumba moja ya wageni alikuwa ameshaahidi kunipa laki mbili na nusu. Siku ya tisa walikuja wazee wawili na mama mmoja mtu mzima sana, yule kijana yuko nyuma yao anatazama chini. Hawakufoka. Waliomba maji, wakanywa, wakauliza habari za nyumbani, ndipo mama akaomba kukiona.

Alikipindua. Akaingiza kidole kwenye pengo dogo chini ya kikalio, mahali ambapo tezo iliteleza, pengo ambalo mimi nilikuwa nimeliona nikalihesabu kuwa kasoro. Akasema babu yake alikichonga waliporudi kutoka kwenye Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, kwa kuwa kile cha mwanzo kilibadilishwa na kibaba cha nafaka. Tezo iliteleza kwa sababu mikono ilikuwa bado haina nguvu. Kila mkubwa wa ukoo tangu hapo alikikalia siku ya kuzungumza na waliotangulia, na siku nyingine hakuna aliyekikalia.

Wakuu, kwa dakika kumi nilipata jina la mchongaji, kipindi alichochonga, sababu ya kuchonga, sababu ya kasoro, na kazi ya kitu chenyewe. Kama ningekiuza wiki ile, vyote hivyo vingebaki kifuani kwa yule mama, na kigoda kingekaa kwenye ukumbi wa wageni kikiitwa "kigoda cha Kiafrika". Niliwarudishia. Walikuja na elfu ishirini na jogoo. Pesa sikupokea. Jogoo nilimpokea, kwa sababu kukataa vyote kungekuwa kuwadharau.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kabla ya kutoa pesa nakaa na muuzaji, na lazima awepo ndugu yake mwingine aliye mkubwa kwake. Nauliza kimetengenezwa na nani, wapi, kimetumika kwa nini, kimekuwa kwa nani na nani, na kwa nini kinauzwa leo. Naandika, napiga picha, wanasaini. Nawaambia pia ninatarajia kukiuza kwa kiasi gani. Wasipoweza kujibu, au wakijibu kwa kuangaliana, sinunui. Nimepoteza mali nyingi nzuri kwa njia hii. Na bado naamini thamani ya kitu cha kale ni habari zake. Mti peke yake unaupata kwenye kila mzigo wa kuni unaoingia sokoni.

Niongeze na macho, maana wengi mnaniuliza namna ya kujua kigoda kilichokaliwa kweli. Usitazame juu kwanza, tazama miguu. Kigoda kilichokaa miaka kwenye sakafu ya udongo miguu yake imelika kwa kupishana, mmoja zaidi, mwingine kidogo, kwa sababu mtu huegemea upande mmoja. Kikalio kimeng'aa katikati, na ukingo umeng'aa pale mkono unaposhika kukivuta. Chini ya kikalio hapang'ai, kwa sababu hakuna aliyepagusa. Ukiona kimeng'aa juu, chini, kati ya miguu, kote sawasawa, hapo aliyekaa ni msasa na dawa ya viatu. Kiweke kwenye jua letu la saa saba mchana kwa nusu saa: dawa ya viatu italainika, utainusa na kuiona kidoleni. Ufa wa zamani una uchafu ndani, ufa wa kulazimisha ni mweupe ndani. Moshi peke yake usikudanganye wala usikutishe, kwa sababu kwenye tembe vitu vinaning'inizwa juu ya meko na vinashika masizi kihalali kabisa. Na ushanga, angalia uzi wake. Ukiambiwa ni wa enzi za misafara halafu umetungwa kwa nailoni, basi umetungwa upya, au ni mpya wote.

Naomba maoni yenu. Hasa nataka kusikia kutoka kwa waliowahi kuuza kitu cha nyumbani, si wanunuzi tu.

---

Kizota Original

Mkuu heshima kwako, lakini biashara haiendi hivyo. Mimi nauza spea, sijawahi kumwambia aliyeniuzia jumla kwamba nitaiuza rejareja kwa kiasi gani. Mtu amekubali elfu thelathini, amekubali. Macho ya kujua kitu ni mtaji wako, umeyapata kwa miaka. Mafuta, pikapu, stoo, mali inayolala miezi minane, nani anakulipa? Ukianza kumwambia bibi kwamba utauza laki mbili na nusu, atataka laki mbili, wewe utafunga.

---

Mwanatembe

Kizota Original, nashukuru kwa kusema wazi. Kuhusu gharama uko sahihi na ninaziweka mezani: namwambia muuzaji mafuta ni kiasi hiki, kitu kinaweza kulala mwaka, na kinaweza kuliwa na mchwa mikononi mwangu. Wengi wanaelewa kuliko tunavyodhani. Mwaka jana mzee mmoja wa Mvumi alinijibu, "Basi nipe sitini, na ukipata zaidi ya laki mbili niongeze ya sukari." Niliuza laki mbili na arobaini, nikampelekea ishirini. Tangu hapo kijiji kile hakiuzii mtu mwingine kabla sijafika.

Ila spea na kigoda si jambo moja. Aliyekuuzia spea anajua bei ya soko kama wewe, na kesho anaagiza nyingine kama hiyo. Bibi hana pa kuulizia bei na hana kigoda cha pili. Ninyi wawili mkikaa kwenye mkeka, mmoja anajua yote na mwingine anajua njaa ya siku hiyo tu, makubaliano hayo mimi siwezi kuyaita makubaliano. Kipindi kibaya cha biashara yetu ni Januari na Februari, akiba ya chakula imekwisha na shule zimefunguliwa. Ndipo pikapu zinapokwenda vijijini kwa wingi, na wenye pikapu wanajua kwa nini.

---

Wakili wa Area D

Mleta mada ameeleza vizuri, naongeza upande wa sheria maana naona watu wanadhani ni suala la kusafirisha nje tu.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kubadilishwa na binadamu hapa nchini kabla ya mwaka 1863 ni malikale moja kwa moja, hata kama hakuna aliyekuja kukiwekea alama. Milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 nazo zinalindwa. Kuuza, kubadilishana na kusafirisha nje kunataka leseni. Kuchimba kutafuta vitu hivi kunataka leseni pia, na ukikiokota shambani unatakiwa kutoa taarifa. Idara husika iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, na wizara iko hapa hapa Mtumba. Watu wa Dodoma hatuna kisingizio cha umbali.

La pili ni zito zaidi. Kwenye masanduku ya wazee mnakuta bangili za pembe za ndovu, ngozi ya chui, mikia ya wanyama iliyotengenezwa mgwisho. Hizo ni nyara za serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na maneno "ni ya marehemu babu" si kibali. Nimeona mfanyabiashara mdogo akiharibikiwa maisha kwa bangili moja aliyoipata ndani ya sanduku alilonunua zima bila kulifungua. Fungueni sanduku mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Ukikuta kitu cha namna hiyo, msikigawane. Mwiteni ofisa wa wanyamapori wa wilaya.

---

Mwanatembe

Asante sana mwanasheria. Hilo la sanduku ninalifanya, lakini sikuwa nimelielewa kwa uzito huu. Na la kuuziana ndani ya nchi nitalifuatilia Mtumba mwenyewe. Vitu vingi ninavyoshika ni vya karne iliyopita, ila siwezi kuapa kwa vyote.

---

Binti Mpwapwa

Habari zenu kaka zangu. Mimi naomba ushauri. Baba yetu alifariki miaka minne iliyopita, ameacha marimba yake, ile ya kushika mkononi ya vyuma, sisi tunaiita ilimba. Ni kubwa, siwezi kusema ina vyuma vingapi sasa hivi maana iko kijijini kwa mama. Kuna mtu amekuja mara mbili, mara ya kwanza alisema elfu arobaini, mara ya pili laki na ishirini. Kupanda huko kumenitia wasiwasi. Mdogo wangu anadaiwa ada ya chuo, kwa hiyo siwezi kusema hatuna shida. Ni bei gani halali?

---

Mwanatembe

Dada yangu, pole kwa msiba. Mtu anayepanda kutoka arobaini hadi laki na ishirini bila wewe kusema neno ameshapata mnunuzi, kwa hiyo usiharakishe hata kidogo.

Sitakutajia bei kwa kitu ambacho sijakiona. Nitakuambia cha kuangalia. Hesabu vyuma na uviandike. Angalia vimefuliwa kwa nini: misumari iliyopondwa, vijiti vya mwavuli, au waya wa kununua. Angalia kama vimelika pale vidole gumba vinapopita. Tazama tundu la sauti, wapigaji wa kweli wanaliziba kwa utando mweupe wa mayai ya buibui ili sauti itetemeke. Zinazochongwa kwa ajili ya watalii mara nyingi hazina utando huo, kwa sababu hakuna aliyekusudia kuzipiga. Na angalia kama bado imewekwa sauti. Usimruhusu mtu yeyote kuisogeza vyuma vyake, hata kwa kujaribu. Mpangilio ule ni sikio la baba yako, ukivurugwa haurudi.

Dunia iliujua muziki wa Ugogo kwa ala hii. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliibeba ilimba na zeze kutoka huku kwetu hadi Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kutoka hapo hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Kwa hiyo wanaozitafuta wapo na wanajua wanachotafuta. Ilimba yenye jina la mpigaji, picha yake akiipiga, na wimbo wake hata kwenye simu, thamani yake haifanani na ilimba iliyotoka kusikojulikana. Una sauti yake popote?

---

Binti Mpwapwa

Ipo. Shangazi alimrekodi kwenye harusi, nadhani 2018. Nitauliza.

---

Patasi na Tezo

Mimi ni mchongaji, niko Nkuhungu. Nimeusoma uzi wote na kuna jambo linaniuma, niliseme.

Kila mtu hapa anasifu cha zamani. Mkisifu hivyo, sisi tulio hai tunalazimishwa kuwa wafu. Mwaka 2021 alikuja mteja akaagiza vigoda ishirini. Nilivichonga vizuri, mbao nzuri, nikajivunia. Alipovikuta akasema ni vipya mno. Akanielekeza nivizike kwenye matope wiki mbili, nivikaushe, nivipitishe kwenye moshi wa samadi, nigongegonge kingo kwa jiwe. Nilikuwa na kodi ya chumba. Nikafanya. Alinilipa elfu ishirini na tano kwa kila kimoja. Baadaye nilisafiri Arusha kwa shughuli nyingine, nikaingia duka moja, nikakuta kigoda changu mwenyewe, namjua mtoto wangu hata akivaa nguo ya mtu mwingine, kimeandikwa miaka 120. Bei nikaiona nikatoka nje.

Kilichoniumiza si ile bei tu. Ni kwamba kazi yangu nzuri kuliko zote niliyowahi kufanya haina jina langu, na siwezi kulidai bila kujitaja kuwa mwongo.

---

Mwanatembe

Fundi, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Asante kwa ujasiri wa kuuandika.

Uko sahihi, na mimi nakubali kwamba sisi wanunuzi ndio tunaoutengeneza uongo huu. Mteja anauliza "ni cha zamani?" na sisi tunataka jibu liwe ndiyo. Hakuna mchongaji aliyeamka asubuhi akatamani kuzika kazi yake kwenye matope.

Nikupe mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupaka baiskeli, akiwauzia wapita njia Oyster Bay. Akauawa kwa risasi 1972. Miaka minne tu. Picha zilikuwa mpya mbichi na aliyenunua alinunua kwa fundi aliye hai. Leo picha zake halisi zinatafutwa na makumbusho. Na kwa kuwa alifanya kazi miaka minne tu, mtu akikuambia ana ishirini za mkono wake, hesabu peke yake inamkana. Kilichowaokoa wanafunzi wake ni kwamba waliweka majina yao kwenye picha zao, na mtindo ukaendelea kuishi kwa majina hayo.

Fundi, chora jina lako, Nkuhungu, na mwaka, chini ya kikalio, kwa ncha ya patasi, kwa kina cha kutosha ili msasa usiweze kulifuta bila kuacha kovu. Mimi nakuagizia vigoda vinne leo, vipya, vyenye jina, elfu sitini kila kimoja, na sitaki moshi. Nitaviweka mbele ya stoo, vya zamani nitavipeleka ndani.

---

Patasi na Tezo

Nimepokea. Nitavianza wiki ijayo, nina mbao iliyokauka vizuri.

---

Mpiga Debe wa Nanenane

Hapo kwa mpingo je? Nilinunua kinyago nikaambiwa mpingo, kilipodondoka rangi nyeusi ikabanduka.

---

Patasi na Tezo

Pole ndugu yangu, hiyo ni mbao nyepesi iliyopakwa dawa ya viatu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama kwenye maji. Kwaruza kidogo chini kwenye kitako, weusi wa mpingo unaendelea ndani, na pembeni utaona ile mbao ya njano ya ganda ambayo mchongaji mara nyingi huiacha makusudi. Anayekataa usikwaruze wala usipime kwenye ndoo, muache na kinyago chake.

---

Wakili wa Area D

Na kwa wanaowapelekea ndugu walio nje: mpingo umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo kumi za mbao hiyo kwa mzigo mmoja zimesamehewa kwenye masharti hayo, zaidi ya hapo andaa vibali. Kinyago kimoja hakina shida. Sanduku zima lina shida.

---

Mzee wa Reli

Vijana, shikamoo mnazopaswa kunipa nimezipokea. Mimi ni mstaafu, nimekaa Tabora, Saranda, sasa niko Kikuyu. Nataka kusema kuhusu sarafu, kwa sababu kila mwezi kuna mtu anakuja na "rupia ya Mjerumani" akitaka milioni mia.

Rupia za Wajerumani zipo, ni za fedha, zina kichwa cha mfalme wao. Heller za shaba, sarafu zao ndogo, nazo zipo, kuanzia 1904, na watu wamezilima mashambani hadi leo. Vita vilipokata njia za meli, mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikafua sarafu papo hapo: heller ishirini za shaba nyekundu na shaba ya njano, nyingi sana, nyingine zimepinda na herufi zimekaa vibaya, na rupia kumi na tano za dhahabu zenye tembo. Hizo za dhahabu zilikuwa kama elfu kumi na sita tu. Ndizo zenye bei kubwa, na ndizo zinazoghushiwa kuliko zote. Mtu akikuletea tembo wa Tabora kwenye kitambaa chekundu usiku, rudi ukalale.

Kuna nyingine inawadanganya wengi, reale yenye mama mnene, Maria Theresa, imeandikwa 1780. Watu wanapiga hesabu ya miaka wanatetemeka. Mwaka ule wa 1780 ni mwaka aliokufa malkia yule. Sarafu iliendelea kufuliwa kwa tarehe hiyohiyo zaidi ya miaka mia mbili, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani na Uarabuni waliizoea hivyo. Yako inaweza kuwa ya karne ya kumi na tisa, inaweza kuwa ya juzi. Ina fedha ndani, hilo ni kweli, iuze kwa uzito wa fedha.

Shilingi za Afrika Mashariki za kabla ya vita vya pili zina fedha robo tu. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa. Na jamani msizisugue sarafu kwa majivu na limao. Mnamenya bei yake.

---

Mwanatembe

Shikamoo mzee wangu. Hili la kusugua ningetamani lisomwe redioni. Nimeona mtu akiua heller nzuri ya 1909 kwa steelwaya ya sufuria, mbele yangu, akidhani ananifurahisha.

Na hizi hadithi za hazina ya Mjerumani, eti aliacha dhahabu ardhini wakati wa vita, zina hasara kubwa zaidi ya kutapeliwa. Waliofika Kolo, kule Kondoa, kwenye mapango ya michoro, wanajua. Yale ni maeneo ambayo michoro yake ilinakiliwa na mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, 1951, na tangu 2006 yamo kwenye Urithi wa Dunia. Pale Mongomi wa Kolo, mahali ambapo wazee bado wanakwenda kuombea mvua na wagonjwa, watu wamechimba mashimo chini ya michoro wakitafuta dhahabu ya vita ya kwanza. Dhahabu hawakupata. Udongo walioupekua ulikuwa ndio hazina, kwa sababu mtaalamu husoma umri wa michoro na wachoraji kwenye matabaka ya udongo huo, na tabaka likishachanganywa halisomeki tena.

---

Kizota Original

Nimesoma, bado nina swali moja la kweli. Hiyo daftari yako inamsaidia nani? Mteja wa Ilazo anataka kigoda kizuri, hataki hadithi.

---

Mwanatembe

Wengine hawataki, kweli. Nawapa karatasi hata hivyo, inakaa kwenye droo. Siku mwanawe akitaka kuuza, karatasi ipo.

Na daftari linamlinda aliyeibiwa. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar. Mwaka uliofuata makumbusho moja ya Geneva, Barbier-Mueller, ikakinunua Paris. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akakitambua. Kilirudi nchini Mei 2010, miaka ishirini baada ya kutambuliwa, na hicho kilikuwa kitu cha makumbusho, chenye serikali nyuma yake na mkataba wa UNESCO ambao Tanzania ilikuwa imeuridhia tangu 1977. Sasa fikiria kigoda cha ukoo mmoja wa Chamwino, hakina picha, hakina namba, hakina hata mstari mmoja ulioandikwa. Kikiondoka, yule mama angekwenda kumwambia nani, na angethibitisha kwa nini? Angekuwa na lile pengo la tezo tu, na kidole chake.

---

Kizota Original

Hapo nimekuelewa. Nyumbani Kongwa kuna ngoma ya bibi yangu, alikuwa anapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Nitaipiga picha wikendi hii nikienda, hata kama haiuzwi.

---

Mwanatembe

Ipige juu, chini na pembeni, weka rula au hata kiberiti kando yake. Na muulize bibi, kama yupo, ngozi ile alibadilisha mara ngapi na nani aliiwamba.

---

Binti Mpwapwa

Kaka zangu nimerudi. Nilikwenda nyumbani jana. Ina vyuma 43, nimehesabu mara mbili na mama akahesabu. Vingi ni misumari iliyopondwa, vitano ni vya mwavuli. Ule utando wa buibui upo lakini umechanika. Shangazi ameipata ile video ya harusi, ni dakika sita, baba anaimba na watu wanaitikia, sikuwa nimeiona tangu afariki.

Yule mtu amepiga tena, amefika laki mbili. Mama amesema haiuzwi mwaka huu. Kuhusu ada, amesema atauza mbuzi wawili na sisi tuchange kinachobaki. Lakini amekubali uje na daftari lako, na anasema yuko mzee mmoja kule Kibakwe aliyejifunza kwa baba, anaweza kuuweka ule utando upya. Jumamosi utakuwa na nafasi?

---

Mwanatembe

Ninayo dada yangu. Natoka Dodoma alfajiri, saa tatu nitakuwa Mpwapwa mjini. Mwambie huyo mzee nampitia Kibakwe mwenyewe, asipande bodaboda. Na mwambie mama asifute vumbi kwenye ilimba kabla hatujafika.